Gari la kulala la mkononi kwa akiba ya mwalimu: la kwanza lilivyonishinda na nilivyolipata la pili hapa Tanga

Mwanzisha uzi, mwalimu wa Makorora

Habari za jioni ndugu zangu. Tangu niweke picha ya gari langu likiwa limeegeshwa ufukweni Ushongo, nimepokea maswali mengi kutoka kwa watu wanaotaka kununua kwa mara ya kwanza gari la kulala, yaani lile ambalo mtu husafiri nalo, hupika na kulala humohumo, ambalo wengine huliita kampa na wengine karavani. Wengi wao wana akiba kama niliyokuwa nayo mimi, iliyokusanywa kidogokidogo kwa miaka, na hawana nafasi ya kukosea mara mbili. Nimeona ni heri niandike yote mahali pamoja, na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe.

Mimi na mke wangu tuliweka akiba ya shilingi milioni 24. Yeye ana ndugu Lushoto na Same, mimi nina watoto Morogoro na Dodoma, na kila likizo fedha tulizolipa nyumba za wageni zilizidi zile za safari yenyewe. Mwezi wa Februari tulikwenda Dar es Salaam tukaona katika yadi moja gari jeupe kutoka Japani, lililoundwa tangu huko kuwa la kulala: lori dogo mbele, na nyuma yake sanduku kubwa lenye kitanda, jiko, sinki na meza ya kukunja. Nilikagua jiko, nikafungua kabati, nikakaa kitandani, na mke wangu akapenda mapazia. Injini iliwaka mara moja. Sikupanda ngazi kutazama paa, sikunusa kabati za pembeni, wala sikubonyeza ukuta kwa kidole. Tulilipa milioni 17.

Mvua za masika zilipoanza tuliamka usiku godoro likiwa limelowa upande wa kichwani. Nilidhani ni dirisha lililosahauliwa wazi. Nilipompelekea fundi seremala, alibandua ubao mmoja wa ukuta, na fremu ya ndani ilikuwa laini kama muhogo uliooza. Aliimega kwa vidole. Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa mamilioni. Masanduku mengi ya namna ile huundwa kwa fremu ya mbao iliyofunikwa bamba jembamba au faiba, na kila mahali ambapo ukuta unakutana na paa, na kuzunguka kila dirisha na tundu la hewa, kuna gundi ya kuzuia maji ambayo hukauka na kupasuka baada ya miaka mingi ya jua. Tone moja likipata njia, hutembea ndani ya ukuta bila kuonekana, na mbao huoza kuanzia ndani huku upande wa nje ukiendelea kung'aa.

Nilitumia milioni moja na laki mbili kuziba na kubadilisha mbao, nikaona kwamba kila tulipofungua palidai pengine. Mwishowe nililiuza kwa milioni 12 kwa mfanyabiashara aliyetaka lori la chini tu, nikiwa nimemwonyesha kila palipooza. Nilibaki na milioni 17 na laki nane.

Gari la pili ni Toyota HiAce ya zamani ya mizigo, ile ya umbo la H100, injini ya dizeli iitwayo 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), ndani tupu kabisa. Nililinunua Muheza kwa milioni 11 na nusu, matengenezo yakala milioni 3 na laki mbili, na mambo ya ndani, yaani kitanda, kabati, betri, paneli ya jua, feni na nyavu za mbu, yakala milioni 2 na laki moja. Iliyobaki ililipia gharama za kubadilisha umiliki na bima. Ninalosisitiza kwa yeyote mwenye akiba ndogo ni hili: fedha yako inunue kwanza bodi kavu na chasisi nzima, kwa sababu kitanda na jiko unaweza kuviongeza mwezi wowote ukipata fedha, lakini bodi iliyooza huwezi kuifufua kwa mshahara. Na usilipe akiba yote siku ya kununua. Mimi sasa nashauri angalau robo ya fedha ibaki mfukoni, maana gari la mkononi halikosi deni lake, likidai leo au mwezi ujao.

Kuhusu maji, nenda ukalione gari siku ya mvua au siku inayofuata. Ukishindwa, omba mpira wa maji ulimwagilie paa kwa robo saa, kisha uingie ndani. Nusa kwanza kabla ya kutazama. Harufu ya uvundo ndani ya kabati lililofungwa haifichiki kwa manukato. Tazama pembe za dari na mzunguko wa matundu ya hewa kama kuna madoa ya rangi ya chai, bonyeza kuta kwa dole gumba, na tembea sakafuni pole pole ukisikiliza kama panadidimia. Inua kapeti. Muuzaji anayekataa kapeti liinuliwe amekwisha kukujibu.

Kuhusu kutu, sisi watu wa pwani tunajua upepo wa chumvi unavyokula mabati ya nyumba, na gari halina tofauti. Gari lililolala miaka mingi Raskazone au Pangani linahitaji kutazamwa chini kwa makini kuliko lililokaa Korogwe. Hata lililotoka Japani juzi si salama kwa sababu hiyo pekee, maana kule kaskazini, Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji na barafu, na chumvi ile hung'ang'ania chini ya gari. Lala chini na tochi. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Injini nilimwachia fundi, nami nilisimamia mambo mawili tu. La kwanza, nilimwomba muuzaji asiliwashe kabla sijafika, na nilipofika nilishika boneti kuhakikisha ni baridi, kwa sababu ugonjwa wa injini ya dizeli huonekana inapowaka asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata joto unaweza kuwa maji yanayoingia ndani au dizeli isiyoungua vizuri. La pili, niliuliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake, ulibadilishwa lini. Muuzaji hakuwa na jibu wala risiti, kwa hiyo bei ya mkanda mpya na ufundi wake niliitoa katika bei ya gari.

Tairi usizihukumu kwa meno. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari la kulala hukaa muda mrefu bila kutembea, na tairi huzeeka zikiwa bado na meno mazuri, kisha hupasuka siku una mzigo kamili na jua la mchana liko juu ya lami ya Segera.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Fundi bodi wa Chumbageni

Shikamoo mwalimu, na pole kwa hasara. Uliyosema ni ya kweli, ila naomba nikurekebishe mahali pamoja, kwa sababu msomaji anaweza kuondoka akidhani kila gari lililoundwa Japani kuwa la kulala ni bovu. Kuna aina mbili. Lile la sanduku lililojengwa juu ya lori dogo ndilo lenye mbao na maungio mengi. Lakini kuna HiAce na Nissan Caravan ambazo bodi yake ni ileile ya chuma ya kiwandani, na kitanda na kabati vimeingizwa tu ndani. Hizo paa lake ni bati moja la chuma, hivyo mahali pa kuvujia ni pachache: pale walipotoboa tundu la hewa, na katika mipira ya milango na vioo. Mtu akipata hii ya pili kwa bei inayomfaa, asiikimbie.

Kwa upande wa kutu naongeza mambo matatu ambayo nakutana nayo gereji kila wiki. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe kwenye bati lililo juu ya matairi, chini ya milango na kwenye mifereji ya mvua pembeni mwa paa. Ikishindwa kung'ata, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia matundu na bati limekwisha. Pili, ukikuta chini ya gari pamepakwa dawa nyeusi mbichi kabisa, mpya kuliko gari lenyewe, uliza ilipakwa lini na kwa nini, kwa kuwa hiyo dawa hulinda chuma kisafi na huficha kibovu. Tatu, ondoa tairi la akiba utazame linapokaa.

Na kwa wanaoagiza wenyewe, ombeni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari iliyoandikwa mnadani Japani, kabla ya kulipa. Pale kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula. Daraja likiandikwa R maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo imeandikwa Kijapani, lakini herufi hizo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma.

Mwanzisha uzi

Marahaba fundi, na ahsante sana. Nakubali sahihisho lako bila shaka yoyote. Niliandika kwa uchungu wa lile sanduku langu, na ni kweli nililaumu kundi zima. Wasomaji wachukue maneno ya fundi mahali pa yangu katika jambo hilo.

Mama wa Pangani

Mwalimu, mimi ni muuguzi mstaafu na ninaishi na mjukuu wangu. Nina milioni 13 tu. Nimesoma hesabu yako na naona hata HiAce tupu itanimaliza. Je, niendelee kuweka akiba au kuna njia nyingine? Pia naomba kujua kuhusu makaratasi, kwa sababu ndugu yangu mmoja aliuziwa gari lenye madeni.

Dereva wa Ngamiani

Mama, shikamoo. Naomba nijibu la kwanza, nimwachie mwalimu la makaratasi. Kwa watu wawili, mmoja wao mtoto, huhitaji HiAce. Toyota Noah ya umri mkubwa, ukiondoa viti vya nyuma na kutengeneza kitanda cha mbao chenye nafasi ya kuhifadhi vitu chini yake, inawalaza vizuri. Haitoshi kusimama ndani, na jiko utapikia nje chini ya mlango wa nyuma uliofunguliwa juu. Lakini spea zake zinapatikana kila mahali na kila fundi anaijua. Mimi na kaka yangu tulisafiri na ya kwake mpaka Lushoto, na zile kona za kutoka Mombo, kilomita zipatazo 33 za kupanda, iliziweza bila kuchemka, tulichofanya ni kutobeba maji mengi. Watu husahau kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu matatu ya lita 20 ni sawa na kumbeba mtu mzima mwingine.

Kabla hujalipa hata shilingi, azima au kodi gari la mtu, ulale ndani yake usiku mmoja hapo hapo uani kwako katika joto la kawaida la pwani. Usiku huo utakufundisha unahitaji nini na huhitaji nini.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Dereva amesema vizuri na ningekuwa na ushauri huo mwanzoni ningeufuata.

Makaratasi ni sehemu ambayo haina njia ya mkato. Omba kadi halisi ya gari, si kivuli, na ulinganishe jina lililo kwenye kadi na kitambulisho cha mtu anayekuuzia. Kama si yeye, mwenye jina aje mwenyewe. Usikubali maelezo ya kwamba yuko safarini na dalali anamwakilisha. Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe na namba ya injini, uzilinganishe na kadi, tarakimu moja moja. Kisha ingiza namba ya gari katika mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani, na uulize pia madeni ya maegesho, kwa sababu madeni hayo hufuata namba ya gari na siku ukisimamishwa utaulizwa wewe. Kama gari liliwahi kuwa daladala, hakikisha leseni yake ya usafirishaji kutoka LATRA imefungwa. Kama muuzaji anasema kadi iko benki, maana yake gari ni dhamana ya mkopo, na hapo fedha yako ilipwe benki kwanza mbele yako, kadi itoke, ndipo mengine yafuate.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na ubadilishe umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) mara moja bila kungoja mwezi upite. Na ukishageuza gari la mizigo kuwa la kulala, waeleze TRA na kampuni ya bima, ili kadi na bima viseme kile kilichopo. Mimi nilidhani bima inahusu gari tu, kumbe betri, paneli na kabati nilizoongeza zisipotajwa hazimo.

Wakala wa forodha, Horohoro

Ndugu zangu, nina onyo moja kuhusu magari ya wasafiri wa kigeni, maana mpakani kwetu nayaona na najua watu wanayatamani. Mgeni ametembea Afrika nzima, amefika pwani, amechoka, anataka kurudi kwao kwa ndege na anaachia gari zuri la kulala kwa bei ambayo huwezi kuipata yadi. Gari hilo limeingia nchini kwa muda tu, ama kwa kibali ama kwa hati ya dhamana ya kimataifa ambayo wasafiri huiita kaneti, na ushuru wake haujalipwa. Haliuzwi mpaka taratibu za forodha zikamilike na kodi zote zilipwe, na kwa gari la umri mkubwa kuna ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Mtu akilinunua kwa karatasi ya mkono, hana gari. Ana mali ambayo inaweza kukamatwa kizuizi chochote. Kama unalitaka kweli, tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA ujue kodi kabla ya kupatana bei, na mwenye gari awepo mpaka forodha imalize.

Kijana wa Mabawa

Mwalimu, je, betri moja inatosha kuendesha friji na feni usiku kucha? Nimeona picha za watu wana friji, televisheni na blenda.

Mwanzisha uzi

Kijana wangu, tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini betri ya asidi haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo una wati-saa 600 za kutumia. Feni ya wati 25 kwa saa kumi ni 250. Friji ndogo ya kompresa ya wati 45, katika joto letu ambapo itawaka nusu ya muda, kwa siku nzima ni 540. Jumla ni 790, umekwisha kuvuka. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule inaweza kushushwa zaidi, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Mimi niliacha friji. Nina kasha la barafu, na barafu ninanunua popote penye soko la samaki. Feni ndiyo lazima, pamoja na matundu mawili yenye wavu, moja chini na jingine juu, ili hewa ya moto itoke, maana bodi ya chuma Februari ni tanuri. Paneli yangu ya wati 200 inajaza betri kwa siku ya jua la kawaida. Na usiunganishe taa zako kwenye betri ya kuwashia injini, utaamka porini gari halizunguki. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Mwambie fundi umeme hilo halina mjadala.

Nitaje na gesi kwa kuwa hujaiuliza. Mtungi wa kilo 6 unatosha sana, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni bila kupanda puani kwako. Kasha la mtungi litobolewe chini mpaka nje. Ukilala, valvu ya mtungi ifungwe, na jiko lisiwashwe kamwe kupasha gari joto, hata Lushoto mwezi wa Julai.

Mama wa Pangani

Narudi kutoa taarifa kwa ndugu zangu wote mlionijibu. Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikapanda basi hadi mjini kuona Noah niliyoelekezwa, bei milioni 9 na nusu. Nilikuwa na sumaku, tochi na mjukuu wangu, na fundi bodi wa Chumbageni alikubali kunisindikiza. Sumaku iling'ata kila mahali. Chini kuna kutu ya juu juu tu. Namba ya chasisi inalingana na kadi, na deni la faini ni shilingi elfu 60, ambalo muuzaji alilipa palepale. Lakini nilipoinua kapeti chini ya miguu ya abiria wa mbele, maji yalikuwepo. Fundi anasema huenda ni mpira wa kioo cha mbele, huenda ni bomba la maji ya kiyoyozi lililoziba, na huenda ni kutu chini ya kioo ambayo haionekani mpaka kioo kitolewe. Muuzaji alitaka nilipe nusu nilishikilie gari. Nimemwambia akitoa kioo mbele ya fundi na pakaonekana pazima, nitalipa zote kwa mkupuo kupitia benki. Amesema atanipigia Jumatatu.

Fundi bodi wa Chumbageni

Mama, ahsante kwa kuniamini. Kioo kile natoa kwa saa mbili, na mpira mpya ninao. Ikifika Jumatatu jioni hajapiga, kuna Noah nyingine Muheza, nitaitazama mimi kwanza kabla hujapoteza nauli.

Mama wa Pangani

Amepiga leo mchana. Kioo kimetolewa, bati ni zima, ilikuwa mpira. Kesho naenda kwa wakili.